Nyumba Isiyo na Dohani: Usalama wa Makaa, Chetezo na Jiko Katika Majumba ya Maskati

Nyumba nyingi za Maskati hazikujengewa dohani. Katika nchi za baridi, moto wa kuotea huwashwa mahali maalumu palipojengwa ukutani, na moshi wake hupanda kwa bomba mpaka juu ya paa. Huko watu huhimizwa kulikagua na kulisafisha bomba hilo walau mara moja kwa mwaka, masizi yasije yakashika moto au yakaziba njia ya moshi. Hapa mambo hayo huonekana kuwa ya mbali. Hata hivyo moto umo majumbani kila siku: kaa la chetezo, jiko la gesi, makaa ya mishikaki mwisho wa wiki na, katika miezi ya Disemba hadi Februari, makaa ya kuotea kwa wanaokwenda milimani. Kinachokosekana ni bomba la kuondolea moshi na gesi zake, na kwa hiyo kazi ya bomba hilo huwaangukia wakazi wenyewe.

Mwongozo huu unaeleza mambo mawili ambayo kila moto wa nyumbani unayahitaji, hata uwe mdogo namna gani. La kwanza ni njia iliyo wazi ya kutokea moshi na gesi. La pili ni mahali salama pa kuliweka kaa mpaka lipoe kabisa. Umetolewa kwa Kiswahili kwa ajili ya familia za Kiomani zinazoitumia lugha hii, na pia kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani waliotoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani.

Nyumba za zamani na nyumba za leo

Wengi waliolelewa Unguja, Pemba au Mombasa wanakumbuka jiko likiwa uani au katika banda la nyuma ya nyumba. Paa la makuti lilipitisha hewa, na hata penye mabati palikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa. Katika nyumba za kale za Oman nako, mapishi mengi yalifanyika kwenye ua ulio wazi. Watu wakayazoea makaa, wakayaona hayana madhara, kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa zikiyatoa madhara hayo nje bila ya mtu kujishughulisha.

Nyumba za leo zimejengwa kwa namna nyingine. Madirisha ya alumini hufungwa kabisa ili kuzuia joto na vumbi, na milango huwekewa mpira pembeni ili ubaridi usipotee. Aidha, watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi huleta hewa mpya. Sivyo. Viyoyozi vingi vya majumbani huivuta hewa iliyomo chumbani, huipoza, kisha huirudisha humo humo. Chumba chenye ubaridi wa kupendeza kinaweza kuwa chumba kilichojaa gesi ya makaa. Desturi iliyokuwa salama uani si lazima iwe salama katika chumba cha ghorofa ya 4.

Gesi isiyoonekana wala kunusika

Makaa yanapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi humfanya mtu akohoe na kukimbia, lakini gesi hii humkuta ameketi au amelala na asitambue lolote. Tena makaa huitoa kwa wingi hata baada ya moshi wake kwisha na kubaki mekundu, wakati ambao wengi huyaona kuwa yamefaa kuingizwa ndani.

Mtu anapoivuta, gesi hii huingia katika damu na kushikamana na hemoglobini, ambayo ndiyo inayochukua oksijeni na kuisambaza mwilini. Hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni ya kutosha. Wanaodhurika upesi zaidi ni watoto wachanga, wajawazito na mimba zao, wazee, na wenye maradhi ya moyo au ya mapafu.

Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea viungo. Baadaye mtu huchanganyikiwa, husinzia na huweza kuzimia. Dalili hizi hufanana na za mafua makali au za chakula kilichoharibika, na kwa hiyo hupuuzwa. Jambo la kuzingatiwa ni hili: watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja, nao wakapata nafuu wanapotoka nje, gesi ishukiwe kabla ya jambo jingine. Watolewe wote nje mara moja, isipigwe simu kwanza wakiwa ndani. Aliyelala usingizi mzito aamshwe na kutolewa. Asiachwe kwa kudhaniwa kuwa amechoka.

Chetezo, udi na ubani

Kufukiza nyumba ni desturi njema na ya kale, na mwongozo huu haukusudii kuiondoa. Kaa moja dogo la chetezo, likiwashwa kwa muda mfupi chumba kikiwa wazi, ni jambo jepesi. Hatari huanza pale chetezo kinapoachwa katika chumba kilichofungwa, kinapoongezwa makaa mara kwa mara, au kinaposahauliwa.

Kaa lisiwashiwe chumbani. Liwashwe uani, roshani mbali na mapazia, au jikoni dirisha likiwa wazi, na liingizwe ndani baada ya kushika moto vizuri. Vile vidonge vya makaa vinavyouzwa kwa kuwashwa haraka vimetiwa kemikali ya kuvisaidia kushika moto, navyo hurusha cheche vinapowashwa. Vishikwe kwa koleo, si kwa vidole. Chetezo kiwekwe juu ya sinia la chuma au kigae, mahali patambarare, mbali na mazulia, mito ya majlisi na mapazia, wala kisiwekwe sakafuni watoto wanakochezea. Chumba kinapofukizwa, dirisha moja na mlango viachwe wazi kidogo. Manukato yatabaki kitambaani, gesi itatoka.

Kufukiza nguo kunahitaji uangalifu zaidi. Kanzu, buibui na shela nyingi za siku hizi zimefumwa kwa nyuzi za viwandani ambazo huyeyuka na kunata mwilini zinaposhika moto. Nguo zitandazwe juu ya fremu ya mbao iliyo imara na iliyo juu ya kutosha, na mtu abakie hapo mpaka kazi iishe. Haifai mtu kusimama juu ya chetezo akiwa amevaa nguo pana, hasa mwenye haraka ya kwenda harusini au msikitini.

Chumba cha mama aliyejifungua nacho kinastahiki kutajwa peke yake. Katika arobaini, wazee hupenda chumba kifukizwe na mama apate joto. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na katika siku hizo hulala muda mwingi, hivyo dalili zake hazionekani kwa wepesi. Kwa hiyo makaa yasiwekwe chini ya kitanda wala pembeni mwake. Chumba kifukizwe mama na mtoto wakiwa chumba kingine, kipitishwe hewa, kisha warejee. Joto la mama lipatikane kwa nguo nzito, vinywaji vya moto na maji ya moto ya kuoga.

Jiko na njia yake ya moshi

Kitu kinachokaribia dohani katika nyumba za Maskati ni feni ya kunyonya moshi iliyo juu ya jiko, pamoja na bomba lake linalotokea nje. Kama vile masizi yanavyojikusanya ndani ya dohani, ndivyo mafuta yanavyojikusanya katika chujio la feni na ndani ya bomba. Mafuta hayo huganda na kuchanganyika na vumbi. Siku mwale wa moto unapopanda kutoka kikaangoni, hushika moto, na moto huo husafiri ndani ya bomba mahali ambapo mkono haufiki.

Chujio la chuma lioshwe kwa maji ya moto na sabuni walau mara moja kwa mwezi. Katika mwezi wa Ramadhani, ambapo sambusa, bajia na kachori hukaangwa kila siku kabla ya Magharibi, lioshwe kila wiki. Sehemu ya bomba inayotokea nje ikaguliwe pia, kwani njiwa hujenga viota humo na vumbi huziba kifuniko chake. Jaribio jepesi ni kuiwasha feni na kuweka karatasi nyepesi kwenye chujio: ikinata, feni inavuta, ikianguka, njia imeziba au mota imechoka, na fundi aitwe.

Inafaa pia kujua kwamba baadhi ya feni za majumbani hazina bomba la kutokea nje. Huvuta hewa, huichuja mafuta na harufu, kisha huirudisha jikoni. Feni ya namna hiyo haiondoi kaboni monoksaidi. Mwenye feni kama hiyo afungue dirisha kila anapopika.

Kuhusu gesi ya kupikia, yafaa ifahamike kuwa ni nzito kuliko hewa. Inapovuja haipandi juu, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya makabati. Imetiwa harufu kali makusudi ili ivujapo itambulike. Mtungi usimame wima nje ya nyumba, mahali penye kivuli na hewa, na koki yake ifungwe baada ya mapishi ya usiku. Mpira wa gesi ukaguliwe. Ukionekana umepasuka, umekauka au umelainika, ubadilishwe. Uvujaji hutafutwa kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio: povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Kamwe usitafutwe kwa kiberiti.

Harufu ya gesi ikisikika, swichi yoyote ya umeme isiguswe, ama ya kuwasha ama ya kuzima, kwani cheche yake yatosha kuilipua. Koki ifungwe ikiwa inafikika, madirisha na milango vifunguliwe, watu wote watoke, na simu ipigwe wakiwa nje.

Makaa ya nje: mishikaki, shuwa na milimani

Jiko la mishikaki ni la uani au la bustanini. Lisitumiwe ndani ya gereji, ndani ya hema, wala kwenye rosheni iliyozungushiwa vioo. Petroli isimwagwe juu ya makaa hata mara moja, kwani mvuke wake huwaka ghafla na mwale hurudi mpaka kwenye chupa iliyo mkononi.

Wakati wa Idi, shimo la shuwa hubaki na makaa hai chini ya udongo kwa siku nzima au zaidi, na huo ndio wakati ambao watoto wa ukoo mzima wamekusanyika na kukimbia uani. Shimo lizungushiwe kizuizi kinachoonekana hata usiku, na mtu mzima mmoja ajulikane kuwa ndiye mlinzi wake. Nyama ikishatolewa, makaa yamwagiwe maji taratibu kutoka mbali, kwa sababu mvuke wake huunguza. Yakorogwe, yamwagiwe tena, ndipo shimo lifunikwe. Shimo lililofunikwa kwa mchanga bila kuzimwa huonekana kama ardhi ya kawaida huku likiunguza miguu ya anayelikanyaga.

Katika majira ya baridi, familia nyingi za Maskati hupanda Jabal Akhdar, ambako uwanda wa Saiq uko katika kimo cha takriban mita 2,000, au Jabal Shams, wenye takriban mita 3,000. Usiku huko baridi hukaribia kiwango cha kugandisha maji, na mtu aliyezoea joto la pwani hushawishika kuliingiza jiko la makaa ndani ya hema au chumba, akafunga na kulala. Hapo ndipo gesi ya makaa inapoua. Kuacha zipu ya hema wazi kidogo hakutoshi. Makaa yabaki nje, yazimwe kabla ya kulala, na watu wajikinge kwa mablanketi na nguo nzito. Hukumu hii inalihusu pia jenereta: lisiwashwe ndani ya chumba, gereji au gari la safari, wala karibu na dirisha.

Kaa lililolala

Kaa lililofunikwa na jivu jeupe huonekana limekufa, nalo liko hai. Jivu huzuia joto lisitoke, na kaa huweza kuendelea kuungua ndani kwa saa nyingi, hata mpaka siku ya pili. Upepo ukilipuliza, huamka. Mioto mingi inayozuka baada ya wageni kuondoka na nyumba kutulia huanzia hapo: jivu la chetezo lililotupwa katika kapu la plastiki, au makaa ya mishikaki yaliyotiwa katika mfuko mweusi wa taka.

Makaa yazamishwe ndani ya ndoo ya chuma yenye maji mpaka yanyamaze na yaweze kushikwa kwa mkono. Jivu kavu liwekwe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, nje ya nyumba, mbali na ukuta wa mbao na mtungi wa gesi, nalo likae siku kadhaa kabla ya kupelekwa kwenye pipa la mtaani.

Kitambuzi cha moshi

Katika nyumba zinazofukizwa, kitambuzi cha moshi hulia mara kwa mara, na wenye nyumba huchoka nacho. Wengine hukitoa betri, wengine hukivika mfuko wa plastiki. Siku ya moto wa kweli, huwa kimya. Badala ya kukinyamazisha, chetezo kisogezwe mbali nacho na dirisha lifunguliwe. Kitambuzi kijaribiwe kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake. Ikumbukwe pia kwamba kitambuzi cha moshi hakitambui kaboni monoksaidi. Hiyo inahitaji kitambuzi chake, ambacho hufaa kuwekwa karibu na vyumba vya kulala.

Haki ya kila anayelala chini ya paa hilo

Mfanyakazi wa nyumbani ndiye mara nyingi anayewasha jiko, anayeandaa chetezo na anayetupa jivu, na chumba chake aghalabu kiko karibu na jiko au juu ya paa. Siku ya kwanza ya kazi aonyeshwe koki ya gesi, kizima moto na njia mbili za kutokea. Mlango wa nje usifungwe kwa ufunguo ambao yeyote kati ya waliomo ndani hana. Madirisha yenye nondo yawe na angalau moja linalofunguka kutoka ndani. Chumba kikiwa na baridi, apewe blanketi la kutosha, asilazimike kutafuta joto kwenye makaa.

Ukutani karibu na mlango ubandikwe mwandiko mkubwa wenye nambari ya dharura, 9999, pamoja na wilaya, jina la eneo, nambari ya njia na nambari ya jengo. Mtu aliyetaharuki husahau hata jina la mtaa anaokaa.

Moto ukizuka

Mafuta yakishika moto kikaangoni, jiko lizimwe na kikaango kifunikwe kwa mfuniko wa chuma au blanketi la kuzimia moto, kisha kisiguswe mpaka kipoe. Maji yasimwagwe. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100, na mafuta yanayowaka yamepita 300; maji yakiyagusa hugeuka mvuke ghafla, hutanuka takriban mara 1,700, na huyarusha mafuta yenye moto mpaka darini. Kikaango kinachowaka kisibebwe kupelekwa nje.

Moto usipozimika mara moja, watu watoke, mlango wa jikoni ufungwe nyuma yao, na lifti isitumiwe. Penye moshi mzito watambae, kwa kuwa hewa iliyo karibu na sakafu ndiyo safi kuliko ya juu. Aliyeshika moto mwilini asikimbie. Alale chini na kugaagaa. Aliyetoka asirudi ndani kwa ajili ya pasipoti, dhahabu wala simu.

Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka, yenye ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20. Pete, bangili na saa zivuliwe kabla ya kuvimba, ila nguo iliyonata kwenye ngozi isivutwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Barafu, samli, asali, unga, yai na dawa ya meno visitumiwe, kwani huongeza madhara na huwapa tabu madaktari. Mtoto aliyeungua, na yeyote aliyeungua uso, mikono, viungo au sehemu kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali bila kukawia.

Kabla ya kulala

Imepokewa katika hadithi za Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja mjini Madina iliteketea usiku ikiwa na watu wake. Habari hiyo ilipomfikia Mtume Muhammad (S.A.W.), aliwatanabahisha watu kuwa moto ni adui wao, akawaamuru wauzime waendapo kulala. Mafunzo hayo yanalingana kabisa na ushauri wa wazima moto na madaktari wa leo.

Kila usiku, mtu mmoja katika nyumba, anayejulikana kwa jina na asiyedhani kuwa mwingine amekwisha kufanya, ahakikishe haya:

– Kaa la chetezo limezamishwa majini.
– Majiko yote yamezimwa na koki ya mtungi imefungwa.
– Hakuna jiko la makaa ndani ya chumba chochote.
– Jivu liko nje, katika chombo cha chuma chenye kifuniko.
– Njia ya kutokea iko wazi na funguo zipo mahali pake.
– Kitambuzi cha moshi kina betri na hakikufunikwa.

Kwa moto, harufu ya gesi, au mtu aliyezidiwa na gesi ya makaa, watu watoke nje kwanza, kisha wapige 9999.